Kidole Pembeni mwa Picha

Sehemu ya Saba

Tulimwacha Dada Vutapumzi amesimama mbele ya kompyuta ya idara ya eksirei, kiganja mdomoni, macho yamemtoka. Wapo wasomaji walioniletea salamu kwamba wiki nzima hawakulala vizuri kwa kutaka kujua aliona nini. Poleni. Hata yeye mwenyewe hakuwa na hali.

Kwa aliyejiunga nasi leo, habari ni hii. Dada huyu ni mpiga picha za eksirei, na jina hilo walimpa wagonjwa kwa sababu ndilo neno lake la kila siku: vuta pumzi, ibane, haya pumua. Alikuwa likizo ya uzazi, nyumbani na mapacha wake. Huku nyuma binti mdogo wa fundi viatu akapigwa picha ya kifua, na alama ya kushoto ikabandikwa kulia. Daktari akaiamini picha, akatoboa upande mzima badala ya upande uliojaa maji. Mtoto yuko wodini mpaka leo anapumulia mashine.

Alama zenyewe ni vipande vidogo vya madini ya risasi. Kila mpiga picha ana vyake, kimoja cha kulia, kimoja cha kushoto, na kila kipande kina namba ya leseni ya mwenyewe. Picha ikitoka, namba inaonekana nyeupe peee. Namba iliyoonekana kwenye kifua cha yule mtoto ilikuwa ya Dada Vutapumzi.

Mchana huo Baraza linalotoa leseni za wapiga picha lilikuwa linakaa kuamua kama abaki na leseni yake au afutiwe.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Picha inayopelekwa kwa daktari hukatwa kingo ili abaki na kifua peke yake. Lakini mashine haisahau. Ile ya kwanza, kabla ya kukatwa, hubaki humo. Dada Vutapumzi alikuwa ameomba afunguliwe hiyo. Na pale pembeni, karibu na kwapa la mtoto, palikuwa na mkono wa mtu mzima umemshika mtoto asitikisike. Mifupa ya vidole ilionekana yote. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda katikati kama ndoana.

Kidole kile alikijua. Yeye ndiye aliyekivunja.

Alikuwa bado msichana wa shule ya msingi, anakimbia mvua, akausukuma mlango kwa nguvu bila kuangalia nyuma. Mdogo wake akapiga ukelele. Mama alikifunga kile kidole kwa kitambaa na kijiti, hawakwenda hospitali, kikaunga vibaya. Kilio kile ndicho kilichompeleka kusomea eksirei.

"Mwanangu, umeona nini?"

Aligeuka. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Ndiye mkuu wa idara, ndiye aliyemsimamia mwaka mzima wa mazoezi, ndiye aliyemthibitisha kwa Baraza kwamba yuko tayari kwa mtihani wa leseni. Wafanyakazi wote walimwita Mwalimu, naye alimwita Dada Vutapumzi mwanangu tangu siku ya kwanza.

"Kidole, Mwalimu. Cha Kitinda."

Kitinda ndiye huyo mdogo wake, mziwanda wa Mama.

Mwalimu akavaa miwani, akasogea. Alikitazama kidole, kisha akapitisha macho kona moja baada ya nyingine, mpaka zote nne.

"Kuna kingine ulichoona?"

"Kingine kipi?"

"Nauliza tu."

"Hicho hakitoshi?"

Mwalimu akashusha pumzi. Dada Vutapumzi alidhani ni huruma. Na sisi tusimcheke, maana tungekuwa sisi tungedhani vilevile.

"Sikia, mwanangu. Kitinda hana leseni. Kufanya kazi ya mionzi bila leseni ni kosa la jela. Ukimtaja, unamfunga kwa mkono wako. Lakini wewe ukisema ulipita siku ile kutusaidia, ukachanganya alama kwa uchovu wa uzazi, huo ni uzembe tu. Watakusimamisha miezi kadhaa, yaishe. Nitasimama mwenyewe nikutetee. Damu nzito kuliko maji."

"Na mtoto wa watu je?"

"Mtoto anaendelea vizuri."

"Nani kasema?"

Mwalimu alinyoosha mkono, akaizima kompyuta.

* * *

Nyumbani alimkuta Kitinda sebuleni, amempakata pacha mmoja, anamwimbia. Mama alikuwa mkekani anakunja nepi. Ukiingia ghafla ungesema hakuna nyumba yenye mapenzi kama ile.

"Kitinda, lete mkono."

"Dada, nimembeba mtoto."

"Mpe Mama mtoto. Lete mkono."

Kitinda akatazama uso wa dada yake, akaelewa. Wimbo ukamkauka. Dada Vutapumzi alikishika kile kidole kilichopinda, akakiinua juu kati yao.

"Mtihani wa Baraza umeufeli mara mbili, na mara zote mbili kwa sehemu moja, ya kinga ya mionzi. Nimekaa na wewe kwenye meza hiyo hapo nakufundisha. Mtoto akilia, nani anamshika?"

"Mzazi," Kitinda alisema chini chini.

"Amevaa nini?"

"Aproni ya risasi."

"Na wewe ukamshika kwa mkono wako mtupu, ukauingiza kwenye mwali wa mionzi."

"Alikuwa analia, Dada. Alikuwa analia sana."

Kwa kweli jibu hilo lilimgusa. Lakini hakuachia kidole.

"Alama zangu ulizipata wapi?"

Kitinda akamtazama Mama. Mama akaikunja nepi ambayo alikwisha kuikunja.

"Mama?"

"Zilikuwa kwenye kopo la poda, kabatini," Mama alisema. "Nilimpa mimi."

"Mama!"

"Usinipandishie sauti, nimekuzaa. Wewe uko kitandani na watoto, hivyo vibati vimelala tu. Mwenzio kamaliza chuo, cheti kinaliwa na mchwa ukutani. Nikasema si ndugu yako? Kama aliweza kuazima viatu vyako siku ya mahafali, vibati vina nini?"

"Leseni si viatu, Mama. Haiazimwi! Mimi nimesoma miaka mitatu, nikafanya mazoezi mwaka mzima chini ya Mwalimu, nikafanya mtihani, na kila mwaka narudi darasani ndipo leseni inaongezewa mwaka mwingine. Wanafanya hivyo ili mtu akikuletea mtoto wake ajue yuko kwenye mikono gani!"

"Basi. Yameshatokea."

Hilo "basi" la Mama lilimkata maini. Alimgeukia Kitinda.

"Na idarani uliingiaje? Nani alikuruhusu?"

"Nilivaa koti lako. Hakuna aliyeuliza."

Alilisema haraka mno, kama mtoto anayetoa jibu alilokaririshwa. Lakini machozi yalikuja haraka zaidi, na Kitinda akapiga magoti palepale sakafuni, akamshika dada yake miguu.

"Usinitaje, Dada. Niache nijitaje mwenyewe. Nitakwenda na wewe, nitasimama mbele ya Baraza, nitasema yote. Nikijitaja watanihurumia. Ukinitaja wewe, watu watasema dada yangu ndiye aliyenifunga."

"Utasema?"

"Haki ya Mungu nitasema."

Dada Vutapumzi akainama, akamwinua. Wakakumbatiana. Mama akafuta macho kwa upindo wa nguo yake, akasema ndugu ndio hao.

Dada Vutapumzi alipokuwa ananyonyesha kabla ya kuondoka, alimwona Kitinda kupitia dirishani, uani, simu sikioni, mkono umefunika mdomo. Akadhani anamuaga mchumba wake, maana siku kama hiyo mtu humuaga anayempenda. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba mara nyingine unakitazama dirishani, unanyonyesha watoto wako, huku unakionea huruma.

* * *

Chumba cha Baraza kilikuwa ghorofa ya juu, meza ndefu, feni inayolia kila ikizunguka. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mpiga picha wa zamani, sauti yake ya chini lakini kila mtu alinyamaza akifungua mdomo. Upande mmoja alikaa Mwalimu, suti imemkaa sawasawa. Upande wa pili alikaa fundi viatu peke yake, vidole vyeusi kwa gundi, shati lake la heshima limefungwa mpaka shingoni. Mama na Kitinda walikaa nyuma ya Dada Vutapumzi. Mapacha waliachwa nje na jirani.

"Leseni mezani," alisema Mwenyekiti.

Dada Vutapumzi aliitoa kwenye mkoba, kadi ndogo yenye picha yake ya ujanani, akaiweka. Mwenyekiti akaifunika kwa kiganja.

"Namba hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Alama zilizotumika kwa mtoto wa huyu bwana ni zako?"

"Ni zangu. Lakini sikuzitumia mimi. Aliyezitumia yumo humu, na ameniahidi atasema mwenyewe."

Minong'ono. Kitinda akasimama. Dada Vutapumzi, kwa huruma, akamshika kiwiko. Zingatia hilo, msomaji. Alikuwa bado amemshika kiwiko wakati maneno haya yanatoka:

"Ni mimi niliyempokea mtoto. Lakini dada ndiye aliyenituma."

Mkono wa Dada Vutapumzi ukaanguka wenyewe.

"Aliniambia likizo yake ni ndefu, anaogopa watamweka mtu mwingine mahali pake. Akanipa alama zake na koti lake, akasema nikamshikie nafasi. Mimi ni mdogo wake. Dada akinituma nitakataaje?"

"Kitinda!"

"Kaa chini," alisema Mwenyekiti. "Kuna aliyeona akipewa?"

"Mama aliona."

Dada Vutapumzi aligeuka. Alimtazama Mama kwa matumaini ambayo hata leo nikiyaandika yananitia uchungu. Alijua Mama atakasirika. Alijua Mama atamkemea Kitinda kwa uongo mbele za watu. Mama ni Mama.

Mama alisimama taratibu, akajiweka sawa mtandio. Alimtazama Kitinda. Akamtazama Mwalimu, kidogo tu. Mwanawe mkubwa hakumtazama kabisa.

"Niliona," alisema. "Alimpa kwa mkono wake."

Feni ililia. Dada Vutapumzi alihisi kifua kimejaa na hewa haitoki. Maelfu ya watu aliwaambia vuta pumzi, ibane, kisha akawaambia pumua. Leo hapakuwa na wa kumwambia yeye. Aliumia kuliko uchungu wa kuzaa mapacha wale, maana kule Mama alikuwa amemshika mkono.

"Ingekuwa ni kosa la alama peke yake," alisema Mwenyekiti, "tungekusimamisha. Kuazimisha leseni ni jambo jingine. Anayemwazimisha mtu leseni ya mionzi anafutiwa, na hafanyi tena kazi hii maisha yake yote. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Una la kusema?"

Kabla hajajibu, Mwalimu alisimama, mikono kifuani kama mtu yuko msibani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu ni mwanafunzi wangu. Inaniuma. Mimi siku hiyo sikuwepo, nilikuwa semina mji wa jirani, la sivyo yasingetokea haya. Namwomba tu akubali kosa, tusimsumbue zaidi mzazi wa mtoto." Akamgeukia kwa sauti ya upole. "Kubali, mwanangu. Yaishe."

Huyo ndiye aliyesema atamtetea!

"Naomba picha ya kwanza ifunguliwe," alisema Dada Vutapumzi. "Ile kabla ya kukatwa."

"Ya nini?" Mwalimu alidakia. "Binti keshakiri. Hakuna haja."

"Haja nitaiona mimi," alisema Mwenyekiti, akamwashiria karani.

Picha ikatokea ukutani, kubwa kama mlango. Mbavu za mtoto, nyembamba. Namba ya leseni mahali pasipo pake. Na pembeni, ule mkono wenye kidole kilichopinda. Fundi viatu alipoona mbavu za mwanawe aliinamisha kichwa. Kitinda akauficha mkono wake kwapani.

"Nimekiona kidole," alisema Mwenyekiti. "Ni cha mdogo wako. Kinathibitisha alichosema mwenyewe. Kinakusaidia nini?"

Tuseme ukweli: Dada Vutapumzi hakujua. Aliomba picha kwa hasira tu, kama mtu anayetupa jiwe gizani. Alisimama pale akiitazama, watu wanasubiri, jasho linamtoka. Na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya, alifanya alichozoea miaka yote. Aliacha kuitazama kama dada mtu, akaitazama kama mpiga picha.

Mkono uko ndani ya mwali. Maana yake wakati picha inapigwa, Kitinda alikuwa chumbani, kando ya mtoto, amemshika.

Aligeuka polepole.

"Mheshimiwa, wewe umefanya kazi hii. Kitufe cha kupigia picha kiko wapi?"

Mwenyekiti alifungua mdomo ajibu, akaufunga. Akavua miwani.

"Nje ya chumba," alisema. "Nyuma ya ukuta wa risasi."

"Mtu anaweza kumshika mtoto na kubonyeza kitufe kwa wakati mmoja?"

"Hawezi. Mikono yetu si kamba."

"Basi kama mdogo wangu alishika, nani alibonyeza?"

Mwenyekiti akamgeukia fundi viatu.

"Mzee, ulikuwa wewe?"

"Mimi?" Fundi viatu alisimama, anaikunjakunja kofia yake. "Mimi niliambiwa nikae benchi la mapokezi, mbali kule. Mtoto alichukuliwa na huyu binti. Ningeambiwa nimshike mwanangu ningemshika. Nani anakataa kumshika mwanawe?"

Mwenyekiti akamtazama Kitinda.

"Binti. Nani alikuwa nyuma ya ukuta?"

Kitinda alimtazama Mama. Mama akatikisa kichwa, mara moja, kidogo sana, lakini Dada Vutapumzi aliona. Aliona na akajua kwamba hata hili Mama alilijua.

"Kitinda," alimwita, na sauti yake haikuwa na hasira tena. "Mimi umeshanimaliza. Huyo unayemficha atakufanyia hivyohivyo."

Machozi yakamporomoka Kitinda mpaka kidevuni.

"Alisema nimshike tu asitikisike. Alisema yeye atabonyeza, na alama ataziangalia mwenyewe. Hakuziangalia! Na mchana huu nikampigia simu, akanifundisha la kusema, akasema dada ni mvumilivu, atavumilia..."

"Nani?"

"Mwalimu."

Basi yule mtu wa heshima, yule aliyekuwa semina mji wa jirani, akageuka rangi. Alisimama kwa nguvu, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mwongo! Mshenzi usiye na shukrani! Baada ya yote niliyokufanyia!" Alikuwa anamwendea Kitinda, ngumi imekunjwa. "Nimekutoa shimoni, nimekuvusha mahali ambapo hata mlango hungeuona..."

"Baba Kitinda, basi!"

Ni Mama. Alikuwa amejitupa kati yao, mikono ameitandaza, mtandio umemdondoka begani.

"Basi, Baba Kitinda! Usimguse mtoto!"

Mwalimu akasimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Karani akaacha kuandika. Mama mwenyewe akakisikia alichokisema, akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno likishatoka halina breki.

Baba yao, mshona nguo mwenye mguu mmoja mfupi, walimzika wakati Kitinda anatambaa. Kila mwaka walikwenda pamoja kusafisha kaburi lake, na aliyeng'oa majani kwa bidii kuliko wote alikuwa Kitinda.

"Mama," Kitinda alisema taratibu, "umemwita nani?"

Mama akainama kuokota mtandio.

Dada Vutapumzi alirudi kwenye kiti chake, akakaa. Miaka yote ile Mwalimu amemwita mwanangu, naye ameamini. Leo ndipo alipoelewa ni mtoto gani aliyekuwa analindwa, na ni mtoto gani aliyechaguliwa achinjwe, na kwa nini Mama hakuweza kumtazama usoni. Mle chumbani mdogo wake alikuwa na mama na baba, wote wawili wamesimama mbele yake. Yeye alikuwa na leseni tu, nayo ilikuwa bado chini ya kiganja cha Mwenyekiti. Na Mwenyekiti, macho hayamtoki Mama, ndiyo kwanza alikuwa anafungua mdomo.